Mche wa chupa ukigoma: kusoma dalili za migomba ya tishu

Simu ninazopokea mara nyingi huanza hivi: "Ssebo (bwana), ile miche yako imekataa." Haijaungua, haijaoza, haijakauka; imekataa tu. Ukiuliza imekataa vipi, unaambiwa maji yameongezwa, mbolea imewekwa, miche imehamishiwa juani, na bado. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya kuzalisha migomba kwa tishu, yaani vipande vidogo vya mgomba vinavyooteshwa kwenye jeli ya chakula ndani ya chupa, upande wa Wakiso, nje kidogo ya Kampala. Haya nimeyaandika kwa wanaoanza kazi hii na kwa wenye vitalu wanaopokea miche ikitoka kwenye chupa.

Seli ya mgomba ina vipokezi vya kila namna. Inahisi kukatwa, kiu, sukari, joto, mwanga, gesi na homoni, kisha inajibu. Weusi, unjano, kunyauka, vyote ni majibu. Kwa hiyo swali langu la kwanza mezani ni: seli hizi zimehisi nini tangu Ijumaa? La pili: chupa ngapi? Moja kati ya hamsini ni ajali, arobaini ni kosa langu. Na dawa usijaribu kwa chupa zote. Badilisha jambo moja kwa chupa tano, tano nyingine ziache zilivyo, andika tarehe kwenye kifuniko.

Kipande kimegeuka cheusi

Angalia weusi umekaa wapi. Ukiwa kwenye uso uliokatwa peke yake, na wingu la rangi ya chai linatambaa kwenye jeli, hizo ni fenoli, kemikali za mmea za kujikinga. Seli nzima huzifungia kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa cha katikati, na kimeng'enya cha kuzigeuza rangi kinakaa chumba kingine. Kisu kinapopita, vyumba vinabomoka, viwili hivyo vinakutana, oksijeni inaingia. Ni weusi uleule unaobaki kwenye vidole vya anayemenya matooke.

Seli zilizopasuka zimeshakufa, hizo hazinisumbui. Kazi iko kwa majirani zao. Seli ikipasuka humwaga kemikali iitwayo glutamati, na seli jirani zikiinusa hufungua milango ya kalsiamu. Mwaka 2018 watafiti walionyesha, kwa mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, wimbi hilo la kalsiamu likitoka kwenye jani lililojeruhiwa na kufika majani ya mbali ndani ya dakika chache. Nyuma yake huja homoni ya majeraha, asidi jasmoniki, na seli ambazo hazikuguswa na kisu zinaanza kutengeneza fenoli zaidi. Shambani hiyo ni akili, kwa sababu kidonda ni mlango wa kuvu. Ndani ya chupa ya nusu lita, sumu inarudi kwa aliyeitoa.

Basi punguza jeraha, kisha punguza muda wa kukaa ndani ya sumu. Kisu butu huponda seli nyingi kuliko kinavyokata. Badilisha wembe kabla hujaona haja ya kuubadilisha. Katia kipande ndani ya maji safi yaliyotiwa vitamini C kidogo, usikiache kikikauka mezani ukizungumza na simu. Siku ya pili au ya tatu kihamishie kwenye jeli mpya, au kisogeze upande wa pili wa chupa ileile kama jeli ni haba. Wiki ya kwanza weka gizani, maana mwanga huamsha vimeng'enya vinavyotengeneza fenoli. Unga wa mkaa wa maabara unasaidia, lakini mimi huufikia mwisho: mkaa haujui kuchagua, unameza fenoli na homoni ulizolipia pamoja.

Kama kipande kilikuwa cheupe kama kilichochemshwa, kisha kikawa kahawia chote hadi ndani, fenoli hazihusiki. Umekiua kwa jiki, au kwa kisu kilichotoka motoni. Ukisikia "tsii" kisu kinapogusa tishu, umeshapika. Na kikiwa kahawia, laini, chenye harufu, nenda sehemu inayofuata.

Ukungu, maziwa na utelezi

Hapa sichelewi, kwa sababu mahali ulipo uchafu panakuambia umetoka wapi. Manyoya ya kuvu yaliyo mbali na kipande yalianguka kutoka hewani, mkononi au kwenye kifuniko. Utelezi unaozunguka kitako cha kipande umetoka kwenye kipande chenyewe. Utelezi unaojitokeza baada ya wiki nyingi, chupa ikiwa imepita mizunguko miwili mitatu bila doa, ni bakteria waliokuwa wakiishi ndani ya tishu ya mgomba tangu shambani. Jiki haiwafikii, na chupa hizo huwa natupa. Spiriti nayo isikudanganye: mbegu za bakteria aina ya Bacillus zinastahimili asilimia 70 bila shida.

Chupa nyingi zikichafuka siku ya pili au ya tatu kila mahali kwenye jeli, lawama iende kwa jiko la presha. Vitabu vinasema pauni 15 kwenye geji, nyuzi 121, dakika 15 hadi 20. Hesabu hiyo ni ya pwani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na pauni 15 zilezile zinakupa kama nyuzi 119. Nyuzi mbili zinaonekana kitu kidogo, lakini dakika 15 za pwani zinakuwa kama 24 za kwetu. Walioko Kabale wako juu zaidi, waongeze zaidi. Acha mvuke utoke kwa nguvu kwanza ndipo uweke uzito, maana hewa iliyobaki ndani inakaa kama mto wa baridi kati ya chupa. Usivuke mipaka pia: ukipika saa nzima sukari inakuwa ya kahawia, asidi inapanda, na jeli inakataa kuganda.

Mimina jeli chupani leo, iache siku nne bila kupanda kitu. Chupa zitakazobaki safi ndizo utumie.

Majani ya kioo

Majani yanang'aa, yanapitisha mwanga, ukiyabana yanakatika kama figili, na ndani ya kifuniko kuna matone. Mgeni akiyaona husema mche umenenepa. Umejaa maji tu: nafasi kati ya seli, ambazo zingekuwa na hewa, zimefurika, kuta za seli hazikupata lignini, kitu cha kuzikaza, ya kutosha, oksijeni haipiti vizuri.

Jeli laini ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi. Bei ya agari, unga wa kugandisha jeli, ikipanda mtu anapima gramu 5 kwa lita badala ya 7 au 8, na maji yanapatikana kirahisi mno. Kaza jeli. Weka kifuniko chenye tundu lililozibwa kwa pamba. Punguza saitokinini, homoni ya machipukizi. Ikiwezekana, hakikisha kitako cha chupa ni cha baridi kuliko kifuniko, ili unyevu urudi chini. Ukiwahi mapema, majani mapya yatatoka ya kawaida. Yale ya zamani yaache.

Chupa moja, chipukizi moja; au mizizi tu; au koliflawa

Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba seli haisomi kiasi cha homoni moja peke yake, inasoma uwiano. Oksini (homoni ya mizizi) nyingi kwa saitokinini kidogo, mizizi. Geuza uwiano, machipukizi. Karibia sawa, donge lisilo na umbo. Miaka mitano baadaye Murashige na Skoog huyohuyo walitoa mapishi ya chakula cha chupa ambayo karibu kila maabara ya migomba bado inapika, pH 5.8, sukari gramu 30 kwa lita.

Chipukizi likibaki moja baada ya wiki nne, ncha ya ukuaji bado inatawala. Inatengeneza oksini, oksini inateremka, na vijicho vya pembeni vinaendelea kulala. Kuongeza BAP, saitokinini tunayoitumia, peke yake ni kumpigia kelele mtu aliyefungiwa chumbani. Pasua kipande wima, kisu kipite katikati ya ncha yenyewe, nusu mbili au robo nne. Mkono wa mwanafunzi hutetemeka hapa kwa sababu anahisi anaua mche, na kweli anaua kitu: amri ya ncha.

Ikitoka mizizi mahali pa machipukizi, homoni haikufika. Ama mkaa umeimeza, ama BAP haikuyeyuka. BAP ukiimwaga kwenye maji baridi inakaa chini kama chumvi. Iyeyushe kwanza kwa matone ya sodiamu haidroksaidi. Oksini aina ya IAA nayo inaharibiwa na mwanga, kwa hiyo ile chupa inayokaa dirishani tangu mwaka jana, usiihesabu.

Koliflawa, yaani vijicho mamia vilivyojibana bila kurefuka, ni BAP imezidi. Kwa migomba tunatumia kama miligramu 5 kwa lita, kuna aina zinazotaka zaidi, lakini ukiona koliflawa vipeleke kwenye jeli isiyo na homoni mzunguko mmoja. Nakitembe na Mpologoma hazijibu sawa. Weka daftari la kila aina.

Unjano

Ni jani lipi limeanza? Likiwa la chini, la zamani, mche umeishiwa nitrojeni. Seli za jani kuukuu zinavunja klorofili na protini zake kwa makusudi na kusafirisha nitrojeni juu kwa watoto. Umechelewa kuhamisha, wiki nne zimekuwa nane. Likiwa jani changa lenye mishipa ya kijani na uwanda wa njano, fikiria chuma, ambacho hakihami kutoka jani la zamani. Madini ya chuma yaliyo kwenye chakula cha chupa huharibiwa na mwanga mkali, kwa hiyo usiweke chupa za akiba juu ya taa.

Yakiwa yote kwa pamoja, na machipukizi ni mafupi manene, nusa chumba. Siku moja chumba chetu kizima kilikuwa hivyo. Tulipima pH, tukapika chakula upya, tukabadilisha taa. Wiki ya pili nikainama kuokota kifuniko chini ya rafu ya mwisho, nikakuta nusu mkungu wa ndizi za bogoya, mbivu kabisa, umefunikwa kwa gunia. Mwenzetu mmoja alikuwa ameona chumba kile kina joto zuri la kuivisha.

Ndizi mbivu hutoa ethilini, na ethilini ni homoni ya hali ya gesi. Mrusi Neljubow ndiye aliyeigundua kazi yake kwa mimea, mwaka 1901, baada ya kuona njegere zake zikikua kombo ndani ya maabara yenye gesi ya taa. Vipokezi vyake vinafanya kazi kinyumenyume: gesi isipokuwepo ndipo vinapiga kelele, vikizuia majibu, gesi ikivishika vinanyamaza, na seli zinaanza kuzeeka. Moshi nao una ethilini, ndiyo maana wazee waliivisha ndizi kwa moshi. Kwa hiyo sigiri ya mkaa isiwe kwenye korido, jenereta isipumulie dirishani, na chupa zisizibwe kabisa hadi gesi ya mche wenyewe ikarundikana.

Umeme ulikatika

Hatari kubwa ni pale jenereta inapowasha taa lakini haiwezi kuvuta kiyoyozi. Chumba kinachotakiwa kuwa nyuzi 26 hadi 28 kinapita 38 kabla ya chakula cha mchana.

Kinachofuata ndani ya seli kiligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wa matunda. Mtu mmoja akapandisha joto la kabati lake bila kumwambia, na asubuhi akaona kromosomu zimevimba sehemu ambazo hazikuwa zimevimba. Alichapisha mwaka 1962. Leo tunajua kwamba joto hufungua mikunjo ya protini. Kuna protini za uangalizi ambazo siku za kawaida zimemshikilia mkono mwashaji wa jeni za dharura. Protini zikianza kufunguka, waangalizi wanakimbilia kuzisaidia, mwashaji anabaki huru, anaingia kwenye kiini cha seli na kuagiza waangalizi zaidi. Kazi nyingine inasimama. Ndiyo sababu chupa zako hazitakua wiki hiyo, na ukizikatakata sasa unaongeza jeraha juu ya joto.

Zima nusu ya taa mara moja. Giza la siku mbili halitaua mche. Usizikimbize chupa kwenye friji, acha joto lishuke polepole. Subiri siku nne tano ndipo uhamishe. Jambo lingine watu hawaliunganishi: chupa hupumua. Ikipata joto inasukuma hewa nje, ikipoa inavuta ya chumbani na vumbi lake. Ukungu ukijitokeza wiki moja baada ya umeme kukatika, usimkaripie aliyekuwa kwenye kabati la kukatia vipande.

Ulikuwa mzuri, umekufa siku ya tatu nje

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, na ndipo simu za "imekataa" zinapotoka.

Ndani ya chupa unyevu wa hewa uko karibu asilimia 100 na sukari inakuja kwa kitako. Jani lililozaliwa humo halikuona sababu ya kuvaa nta, na stomata zake, vile vitundu vya kupumulia, zimekaa wazi. Kwa kawaida mche ukihisi kiu hutengeneza asidi absisiki. Seli mbili zinazolinda kila stomata zikiipokea hufungua milango ya kalsiamu, zinamwaga potasiamu, maji yanaifuata, zinalegea na mlango unafungwa. Seli za mche wa chupa hazijawahi kufanya zoezi hilo. Unauweka mezani saa tano asubuhi kwenye upepo mkavu wa Februari, homoni inapiga hodi, milango haifungi.

Nilimwonyesha hivi mkulima aliyetoka Masaka kwa lori. Tulichukua majani mawili, moja la mche uliotoka chupani asubuhi, jingine la mche wa mwezi mmoja kitaluni, tukayalaza kwenye gazeti kivulini. Kabla chai haijaisha la kwanza lilikuwa limejikunja kama sigara. La pili lilikuwa bado bapa. Hakuuliza tena kwa nini anatakiwa kujenga handaki la nailoni, kile kibanda kirefu cha kutunza unyevu.

Kwa hiyo dalili zisome kwa saa. Mche unaolala saa sita na kuamka jioni unapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta. Ongeza kivuli, funga nailoni, nyunyiza ukungu wa maji. Kingo za majani zikikauka kahawia siku ya tatu hadi ya tano, umefungua handaki mapema. Mche ukianguka kwa kuoza shingoni, chimbua uangalie mizizi: ukikuta jeli imebaki, umewaandalia kuvu karamu ya sukari. Osha jeli yote kwa maji ya vuguvugu, na udongo upike kwa mvuke kwenye pipa kwanza.

Dalili inayodanganya kuliko zote ni mche ulionyauka kwenye udongo uliolowa. Mkulima anaona kunyauka, anamwaga maji, unanyauka zaidi. Mizizi ikikosa oksijeni, ndani ya seli zake kunakuwa na asidi, na asidi hiyo inafunga mifereji ya protini inayopitisha maji. Mche unakufa kiu ukiwa umesimama ndani ya maji. Bonyeza udongo kiganjani: ukitiririsha, acha kumwagilia, toboa mifuko, changanya maranda au mchanga mnene.

Majani ya chupani mengi yatakufa, usiyalilie. Hesabu mapya. Yakishafika mawili au matatu yaliyofunguka nje, hayo yana nta na stomata zenye adabu, anza kufungua nailoni upande mmoja, asubuhi na jioni kwanza. Handakini wiki nne hivi, kitaluni miezi miwili hadi mitatu. Huku Uganda ya kati mvua ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: miche ya kupanda Septemba inatoka chupani Juni, haitoki Agosti eti kwa sababu mteja ana haraka.

Umemea, lakini siye

Mche mfupi kupita wenzake, majani yamebanana, au yana mabaka. Mara nyingi si ugonjwa. Barbara McClintock, mtafiti wa jeni aliyepata Nobeli mwaka 1983, alisema kwamba jenomu, yaani jeni zote za kiumbe, ikipata mshtuko hujipanga upya, na kuishi ndani ya chupa mzunguko baada ya mzunguko, kila mara kisu na BAP, ni mshtuko wa kutosha. Alama za kemikali zilizo juu ya DNA zinahama, mara nyingine DNA yenyewe inabadilika, na ufupi ndio unaoonekana mara nyingi zaidi.

Hakuna dawa ya kurudisha. Kwetu chipukizi moja kutoka shambani linakatwa mizunguko minane, halafu tunarudi kwa mama mgomba kuchukua jipya, hata kama chupa za mzunguko wa nane zinapendeza. Kitaluni nawaomba wafanye jambo moja: wasiupeleke ule mfupi kwenye kona ya "utakua tu." Ung'oe ungali na majani manne, andika namba ya chupa uliyotoka, unipigie. Ndugu zake wa chupa ile wamekaa meza ya tatu, wanangoja lori.